Kijana Aliyefuzu Urubani, na Masomo Yaliyobaki

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za kujifunza kurusha eropleni. Huenda mtu akasema, "Jambo hili latuhusu nini sisi wakulima na wavuvi?" Latuhusu. Mwanza yajua eropleni tangu zamani. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya kuleta barua kutoka London, na mwisho wa njia ile ulikuwa hapa petu Mwanza, mpaka njia ilipoendelezwa kufika Cape Town mwaka uliofuata.

Basi tuseme kijana wa Buhongwa amerudi nyumbani, naye amefuzu mtihani wa leseni ya kwanza, yaani leseni ya rubani binafsi. Baba yake aliuza ng'ombe ili asome. Majirani waja kumpongeza, na mzee mmoja amwambia, "Mwanangu, sasa utatupeleka Bukoba kwa nauli nafuu." Kijana ajibu nini?

Kwanza tutazame alivyofika hapo. Kwa kanuni za kimataifa, mwenye kutaka leseni hiyo sharti awe ametimiza umri wa miaka 17, apimwe afya na daktari, ashinde mtihani wa kuandika, na awe amerusha ndege si chini ya saa 40. Katika hizo, saa 10 huwa peke yake bila mwalimu. Tena lazima awe amefanya safari moja ya peke yake isiyopungua kilometa 270, akitua katika viwanja viwili mbalimbali.

Siku ya mtihani mkaguzi huketi kando yake. Kabla ya kupaa, kijana huizunguka ndege na kuipima kwa macho na mikono. Huchota mafuta kidogo katika chombo cha kioo aone kama yameingia maji, kwa kuwa injini haichomi maji. Hupiga hesabu ya uzito wa watu na mizigo. Hesabu hiyo ni ya maana sana kwetu, kwa maana uwanja wa Mwanza uko juu ya bahari kwa mita 1,100 na zaidi. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na ndege huhitaji kukimbia mwendo mrefu zaidi ndipo ipae.

Wakiwa juu, kijana huongoza kwa ramani na dira. Mara mkaguzi hurudisha nguvu za injini, asema, "Injini imekufa." Hapo kijana hana budi kuchagua upesi mahali pa kutua, akijua upepo watoka wapi. Asipotaharuki, akafuata aliyofundishwa, na mengine pia akiyafanya vema, hufuzu.

Basi jibu kwa mzee ni hili: "La, mzee wangu, bado." Leseni ya kwanza humruhusu mtu kurusha ndege na kuchukua ndugu na rafiki, illa haimpi ruhusa ya kulipwa kwa kazi ya urubani. Katazo hilo si uchoyo wa serikali. Atoaye nauli hana njia ya kumpima rubani. Hana budi kuitegemea leseni yake. Kwa hiyo leseni hiyo haina budi kushuhudia ujuzi mkubwa zaidi.

Tunao mfano wa jirani. Beryl Markham alijifunza kurusha ndege Nairobi mwaka 1931, mwalimu wake akiwa Tom Campbell Black. Alipopata leseni ya kwanza hakudhani kwamba amemaliza. Aliendelea kujifunza mpaka mwaka 1933 akapata leseni ya kazi, akaweza kulipwa kwa kurusha ndege. Mwezi wa Septemba 1936 akavuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, akaanguka na ndege yake matopeni katika nchi ya Kanada, lakini akapona.

Kijana wetu naye yampasa kupanga. Leseni ya biashara hudai umri wa miaka 18, upimaji wa afya ulio mkali zaidi, na kwa kawaida saa 200 za kurusha. Katika chuo kilichoidhinishwa saa 150 hutosha. Rubani mkuu wa ndege kubwa za abiria hutakiwa kuwa na saa 1,500. Katikati yako masomo ya kuruka usiku, na ya kuruka kwa vyombo.

Hili la vyombo tulieleze. Ndani ya sikio mna majimaji yatuambiayo kama tumeinama au tumesimama. Ndani ya wingu, ndege ikigeuka polepole kwa muda, majimaji yale hutulia, na rubani hudhani anakwenda moja kwa moja, kumbe anazunguka na kushuka. Hapo sharti auamini uso wa saa zilizo mbele yake kuliko mwili wake mwenyewe.

Nasi twalijua ziwa letu. Usiku maji huwa na joto kuliko nchi kavu. Upepo wa pande zote hukusanyika juu yake, hupanda, na kuzaa radi na mvua mpaka asubuhi. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege ya abiria ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwamo, 19 wakafa. Wavuvi walikimbilia kwa mitumbwi kuwaokoa. Na marubani wa ndege ile walikuwa na leseni za juu. Basi mwenye saa 40 atajivunia nini mbele ya wingu la namna ile?

Kwa hiyo, wazazi, kabla ya kuuza ng'ombe wa kwanza, hesabuni gharama za njia nzima, msije mkaishia nusu. Nanyi wanafunzi, shikeni hesabu, jiografia na Kiingereza, maana hayo ndiyo masomo ya rubani kabla hajaigusa ndege. Na kijana aliyefuzu, watu wakimsihi apae mawingu yakiwa yametanda, aseme, "Leo siendi." Neno hilo nalo ni sehemu ya urubani.