Mpangaji wa ndani ya hindi

Mama anayechambua mahindi kwenye ungo hahitaji hadubini. Punje iliyotobolewa na mdudu anaitupa, iliyooza anaitupa, yenye ukungu wa kijani anaitupa. Ipo nyingine ambayo mikono mingi huiacha ipite: nzima, ngumu, ila imechorwa mistari myeupe inayotawanyika kutoka juu ya punje kama miale ya jua. Mistari hiyo ni nyayo za kuvu aitwaye Fusarium verticillioides. Huyu hakusubiri mahindi yafike ghalani. Alikuwa ndani ya hindi tangu shambani.

Tumezoea kudhani ukungu ni habari ya gunia lililolowa. Kumbe karibu kila mmea una wapangaji wake, kuvu wanaoishi ndani ya mizizi, shina, majani na mbegu huku mmea wenyewe ukionekana mzima kabisa. Wengine hulipa kodi vizuri, wakiusaidia mmea kustahimili ukame au kufukuza wadudu. Huyu wa mahindi ana tabia mbili. Anaweza kupanda kutoka kwenye mbegu hadi kwenye shina, kushuka kupitia ndevu za hindi, au kuingia kwa tundu lililoachwa na bungua. Msimu ukiwa mzuri anatulia. Joto na ukame vikizidi, na wadudu wakitoboa, anatengeneza sumu iitwayo fumonisini.

Sumu hiyo ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988, na watafiti waliokuwa wakichunguza mahindi ya Transkei, eneo lililokuwa na wagonjwa wengi wa saratani ya umio. Mwaka huohuo ikathibitika kwamba ndiyo inayowaua farasi kwa ugonjwa unaoozesha ubongo. Sisi huku tunamjua zaidi ndugu yake, aflatoksini, kwa sababu anaua hadharani: Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317, wakafa 125. Fumonisini hana papara hiyo.

Rombo, mkoani Kilimanjaro, watafiti walifuatilia watoto wachanga 215 walioanza kupewa uji wa mahindi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Walipotimiza mwaka mmoja, wale waliokula fumonisini kupita kiwango kinachokubalika kimataifa walikuwa wafupi kwa sentimeta 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Mtu makini atasema uhusiano si ushahidi wa chanzo, na atakuwa sahihi. Lakini swali linabaki palepale: sumu ya kuvu ingemfupishaje mtoto anayekula akashiba?

Jibu linalotafutwa liko utumboni. Fumonisini huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno. Karibu yote husafiri utumboni hadi inapotoka na choo. Njiani huzuia kimeng'enya kinachojenga aina fulani ya mafuta ambayo seli huyahitaji kwa utando wake. Na ukuta wa utumbo ni nyumba isiyoisha ujenzi, seli zake zikibadilishwa kila baada ya siku chache. Fundi akikosa saruji, ukuta unavuja. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa waliwanywesha watoto wa nguruwe fumonisini kwa siku sita, kisha wakawapa bakteria wa E. koli wanaoleta ugonjwa. Bakteria hao walijazana utumboni kwa wingi kuliko kwa nguruwe wasiopewa sumu. Nguruwe si mtoto wa Rombo, ila utumbo wake unafanana sana na wetu.

Mpaka hapo utaona bakteria kama wageni wanaonufaika na nyumba iliyobomoka. Wao pia wana mikono yao. Kuvu mwingine wa jamii hiyohiyo, anayependa ngano na mahindi, hutoa sumu inayofupishwa kwa herufi DON. Mmea hujilinda kwa werevu: huifunga sumu hiyo kwenye molekuli ya sukari, ikapoa makali. Maabara ikipima DON peke yake, haiioni. Inashuka tumboni, asidi haiifungui. Inafika kwenye utumbo mpana, na bakteria wetu, kwa uroho wa sukari, wanaifungua. Sumu iko huru tena.

Jambo hilo lilioneshwa Uskoti mwaka 2013, kwa kutumia kinyesi cha watu watano waliojitolea. Wote walikuwa na bakteria wa kufungua sukari. Mmoja tu alikuwa na bakteria walioendelea mbele wakaivunja sumu yenyewe. Kwa ng'ombe uwezo huo umo katika tumbo lake la kwanza, na bakteria mmoja aliyetolewa humo sasa anachanganywa kwenye chakula cha mifugo. Kwa hiyo watu wawili wakila chungu kimoja, huenda wasile sumu sawa.

Nikisoma haya nawaza ushauri tunaopewa. Tunaambiwa tule dona, na kweli lina lishe zaidi ya sembe. Lakini sehemu kubwa ya fumonisini hukaa kwenye ganda na kiini, vitu vinavyotolewa mashine inapokoboa. Dona la mahindi yasiyochambuliwa ni mkataba mbaya, hasa kwa mtoto ambaye uji ndio chakula chake cha asubuhi na jioni. Togwa nayo ina sifa zake: utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulikuta bakteria wachache zaidi wa kuharisha kwa watoto walionyweshwa uji uliochachushwa, na maabara zimeona baadhi ya bakteria wa kuchachusha wakinasa sumu za kuvu. Hiyo si ruhusa ya kuchachusha mahindi mabovu. Wala kuchemsha hakutoshi. Fumonisini huvumilia moto wa jikoni bila shida.

Basi anza na ungo. Toa zilizotobolewa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, na zile zenye miale myeupe, kabla gunia halijafika mashineni. Ukishazitoa, usiwamwagie kuku, na usimuuzie mpika pombe. Zichimbie shimo.