Dawa ya mzazi inaposafiri kwa basi hadi Ukambani

KAMA wewe ni mzaliwa wa Kitui au Makueni na unafanya kazi Nairobi, huenda umewahi kufanya hivi. Mama anapiga simu kwamba dawa zake za presha zimekwisha, na hospitalini ameambiwa akanunue nje. Unaingia katika duka la dawa lililo karibu na kazini, unataja jina la dawa, unalipa na kufungiwa mfuko wa karatasi. Jioni unaupeleka Machakos Country Bus na kumkabidhi utingo, pamoja na nambari ya simu ya ndugu yako atakayeupokea Wote, Mutomo au Kibwezi.

Ni tendo la upendo na sina nia ya kulilaumu. Wazee wengi wa sehemu hizo wangekuwa taabani kama si watoto wao wa mjini. Hata hivyo, kati ya kaunta ya Nairobi na mkono wa mama kuna sheria kadha ambazo wengi wetu ama hatuzijui ama tunazipita kando. Ningependa leo tuzitazame, kwani zinamhusu mama yako kuliko zinavyomhusu mwenye duka.

Sheria ya Famasia na Sumu, ambayo ni Sura ya 244 ya sheria za Kenya, ilianza kutumika mwaka wa 1957. Chini yake kuna dawa unazoweza kununua bila kuulizwa, mathalan parasetamoli, na kuna zile ambazo ni lazima ziagizwe na daktari kwa maandishi. Dawa za shinikizo la damu, za kisukari, za kifafa na karibu dawa zote za kuua bakteria zimo katika kundi hili la pili. Cheti sharti kiwe na tarehe, sahihi ya aliyekiandika, jina la mgonjwa na kiasi cha dawa. Naye anayeitoa dawa anapaswa kuwa na mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na duka lenyewe liwe na leseni ya Bodi hiyo.

Leseni ya duka ni ya jengo moja na hudumu mwaka mmoja tu. Mtu mwenye duka halali Nairobi hawezi kupeleka katoni za dawa Emali siku ya soko na kuziuza juu ya meza, akidai kwamba leseni yake ya mjini inamlinda. Vilevile, Bodi imetoa mwongozo kuhusu maduka yanayouza dawa kupitia intaneti: nyuma ya tovuti au nambari ya simu ni lazima kuwe na duka halisi lenye leseni na mfamasia anayejulikana.

Je, mpaka wa kaunti unabadilisha lolote? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazitaja famasia za kaunti miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Lakini usajili wa wafamasia na leseni za maduka umebaki kwa Bodi, ambayo ni ya taifa zima. Kwa hiyo dawa kutoka Nairobi hadi Zombe haihitaji kibali cha kuvuka mpaka. Maana yake ni kwamba mfamasia wa Nairobi anawajibika kwa mgonjwa wa Zombe sawasawa na anavyowajibika kwa yule aliyesimama mbele yake. Umbali haumpunguzii mzigo.

Wenzetu wa Marekani wana utaratibu tofauti. Huko kila jimbo lina bodi yake, na kwa kawaida duka la jimbo moja linalotaka kumpelekea mgonjwa dawa katika jimbo jingine hulazimika kujiandikisha huko pia. Utaratibu huo unaweza kuonekana kuwa urasimu mtupu, mpaka ukumbuke yaliyotokea mwaka wa 2012. Kampuni moja ya kutengeneza dawa katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, ilisambaza sindano za maumivu ya mgongo zilizokuwa zimeingia kuvu. Watu zaidi ya 750 waliugua katika majimbo 20, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 walikufa. Kampuni hiyo ilitakiwa kumtengenezea dawa mgonjwa mmoja mmoja kwa cheti chenye jina lake. Badala yake iliuza kwa wingi, na orodha nyingine za wagonjwa zilikuwa na majina ya kubuni. Mwaka uliofuata bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya kwa sababu ya mkasa huo.

Jina la mgonjwa katika cheti, basi, si pambo. Ndilo linalomfanya mtu aulize: nani anakunywa dawa hii, na ana nini kingine mwilini?

Mzee na magoti yake

Chukua mfano wa aina ninayokutana nayo mara kwa mara. Mzee wa miaka sitini na kitu anatoka upande wa Kathonzweni. Kwa miaka mitatu binti yake amekuwa akimtumia enalapril na dawa ya kukojosha, hydrochlorothiazide, bila kukosa mwezi hata mmoja. Presha yake ni nzuri kabisa. Lakini amekuja kwa sababu miguu inamvimba, hana hamu ya kula na mkojo umepungua. Damu inapopimwa, figo zinaonekana kuwa hoi.

Ukimdadisi, utagundua kwamba magoti yanamsumbua, na kwamba kila akienda sokoni hununua diclofenac. Enalapril hulegeza mishipa inayotoa damu katika vichujio vya figo. Diclofenac huibana ile inayoingiza. Dawa ya kukojosha nayo hupunguza maji mwilini. Zikikutana zote tatu, figo hukosa msukumo wa damu wa kuziwezesha kuchuja. Ongeza jua la Oktoba huko Makueni na siku mbili za kuhara, na figo zilizokuwa zikijikongoja huanguka.

Kila dawa kati ya hizo tatu ni nzuri ikiwa peke yake, na kila aliyeziuza angeapa kwamba hakukosea. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeziona zote pamoja. Aliyeuza Nairobi hakumwona mzee, na aliyeuza sokoni hakujua kuhusu kifurushi cha Nairobi. Daktari aliyeandika cheti cha kwanza alitarajia kumpima damu baada ya wiki chache, kwa maana enalapril hudai hivyo, lakini mzee hakurudi. Kwa nini arudi? Dawa zilikuwa zikija kwa basi.

Hapo ndipo ninapoiona hatari kubwa ya dawa za mbali. Zinafika bila kukoma, na kwa sababu hiyo mgonjwa haoni haja ya kuonwa na mtu yeyote.

Kosa jingine ni la dawa moja yenye majina mawili. Hospitali za umma hutoa dawa kwa jina lake la asili, tuseme amlodipine. Duka la Nairobi linakuuzia amlodipine hiyo hiyo katika pakiti yenye jina la kampuni. Mama anaziona rangi mbili na majina mawili, naye kwa utiifu anameza zote mbili. Baada ya siku kadha miguu imevimba, au anaamka usiku na kuanguka kwa kizunguzungu. Mwaka wa 2016 kaunti ya Makueni ilipoanzisha MakueniCare, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, wazee wengi walipata njia ya kuzifikia dawa karibu na nyumbani. Mahali ambapo dawa ya hospitali inapatikana leo na kukosekana kesho, kifurushi cha Nairobi hakikosi kukutana nayo kabatini.

Joto la njiani

Sasa tuje kwenye insulini, ambayo ndiyo dawa inayoteseka zaidi safarini. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu, kati ya digrii 2 na 8 za Selsiasi. Ikishafunguliwa, aina nyingi zinaweza kutumiwa kwa takriban wiki nne nje ya jokofu, mradi joto lisipande sana. Maelekezo ya watengenezaji kwa kawaida hutaja digrii 25 au 30.

Je, nyumba ya Mutomo au Kibwezi itapata wapi digrii 25 mwezi wa Februari? Usikate tamaa. Mwaka wa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha matokeo ya uchunguzi uliotokana na hali ya joto katika kambi ya Dadaab, hapa hapa Kenya. Waliona kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 ilibaki na nguvu zake. Kwa hiyo mama asiye na jokofu anaweza kutunza chupa anayoitumia. Iwekwe ndani ya chungu kidogo kilichotiwa katika chungu kikubwa, katikati pakajazwa mchanga mbichi, na vyote vikae kivulini. Ukambani hakuna uhaba wa vyungu.

Lakini chungu kivulini si kioo cha mbele cha matatu. Gari lililofungwa na kusimama juani laweza kupita digrii 50, na utingo hana kosa akiweka mfuko wako juu ya dashibodi ili asiusahau. Kuna pia wale wanaokosa kwa upande wa pili: wanaizungushia chupa barafu tupu, na insulini inaganda. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana kama zamani. Mgonjwa ataidunga, sukari haitashuka, na daktari ataongeza kipimo akidhani ugonjwa umezidi. Siku atakapopata chupa nzima akadunga kiasi kile kile, sukari itaporomoka.

Ukilazimika kuituma, tumia thamosi ya mdomo mpana. Ifunge insulini kwa kitambaa, kisha uweke kipande cha barafu ambacho hakiigusi. Ipeleke kwa gari la alfajiri na uhakikishe kuna mtu anayeingojea stejini. Bora zaidi ni kumtafutia mama duka la dawa lenye jokofu Kitui mjini, Mwingi, Wote au Makindu, ukalipa kwa simu ukiwa Nairobi. Safari ya baridi iachiwe wenye magari ya baridi.

Kuna dawa ambazo singekushauri umpe utingo hata siku moja. Diazepam na dawa za maumivu makali kama morfini zinaguswa pia na sheria ya mihadarati ya mwaka wa 1994. Atakayekutwa nazo katika kizuizi cha polisi bila cheti atakuwa na mengi ya kueleza, na si wewe uliye Nairobi utakayeulizwa kwanza. Methotrexate nayo, ambayo wagonjwa wengine wa baridi yabisi huimeza mara moja tu kwa wiki, imeua watu waliodhani ni ya kila siku. Dawa ya namna hiyo haifai kufika ikiwa katika bahasha iliyoandikwa kwa kalamu "1x1".

Na hizo bahasha! Tunaandika "1x3" kana kwamba kila mtu alisomea mahesabu yetu. Kisheria dawa inapaswa kutoka dukani ikiwa na lebo. Wewe dai lebo yenye jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, jina la mgonjwa, namna ya kuimeza, na jina na mahali pa duka. Usikubali vidonge vilivyomiminwa katika karatasi. Omba viwe katika ganda lake la kiwandani, ambalo huonyesha nambari ya toleo na tarehe ya mwisho. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni duni au bandia. Karatasi haikuelezi chochote endapo toleo fulani litatakiwa kurudishwa.

Kabla hujalipa, tazama kama leseni ya Bodi ya mwaka huu imetundikwa ukutani. Mwonyeshe mfamasia cheti chenyewe, au picha yake, na umwombe ampigie mama simu. Kama anazungumza Kikamba, heri zaidi. Dakika tatu zinatosha kumuuliza anameza nini kingine na lini alipimwa mara ya mwisho. Mfamasia akikwambia kwamba cheti kimezeeka na hatatoa dawa mpaka mama aonwe na daktari, usikimbilie duka la pili. Huyo ndiye uliyekuwa ukimtafuta. Mwombe akuuzie za siku chache za kumvusha mama, kama sheria na hali yake vinaruhusu.

Kisha mpigie mama mwenyewe. Mwambie akusanye kila dawa iliyomo nyumbani, ya hospitali, ya Nairobi, ya sokoni na ya miti shamba. Azitie zote katika kiondo na aende nacho kliniki siku ya kupimwa, wala asiache hata moja kwa kuona haya. Amwombe daktari apime presha, sukari na damu ya kuonyesha hali ya figo, na aandike upya cheti kimoja chenye dawa zote. Picha ya cheti hicho ndiyo akutumie, na kile cha zamani ulicho nacho kwenye simu ukifute.