Staftahi ya bara na yetu: nani anayekula mafuta mengi?

Mpwani anayeshuka basi Kitale alfajiri hupokewa na baridi kwanza. Mji uko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na shati lililomtosha Mombasa halimfai pale. Kisha hufuata harufu za mikahawani: chai ya maziwa inachemka, mandazi yanageuzwa kwenye karai, na pembeni kuna sufuria ya supu ya mifupa yenye matone ya mafuta yanayoelea juu. Hapo ndipo wengi wetu huguna: hawa watu wa bara wanakula mafuta!

Kabla ya kumcheka jirani, tufunue sinia letu wenyewe. Mahamri hukandwa kwa tui na kukaangwa kwa mafuta tele. Mbaazi huchemshwa, zikatiwa tui jepesi, na mwisho tui zito. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 4 hivi. Tui zito lina zaidi ya asilimia 20.

Ukienda Bungoma ukaalikwa nyumbani kwa mtu, utakuta staftahi ya wazee wao ni viazi vitamu au nduma za kuchemsha, na chai ya maziwa. Ukitoa yale maziwa, mafuta ni haba. Mandazi, chapati na mayai ya kukaanga ni chakula cha mkahawani zaidi. Kwa hivyo staftahi ya kale ya Mbukusu ina mafuta machache kuliko yetu ya mbaazi za nazi.

Sisemi tuache nazi. Mafuta yana kazi yake. Gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9, ilhali gramu 1 ya wanga hutoa 4. Mafuta hukawiza chakula tumboni, mtu asione njaa upesi. Tena ndiyo yanayobeba harufu ya iliki, na ndiyo sababu hamri lililokandwa kwa maji matupu halina ladha ile. Mkulima wa Trans Nzoia anayepalilia mahindi hadi adhuhuri, au mkata miwa wa Bungoma, huyachoma mafuta hayo shambani. Sisi tunakula mahamri manne, kisha tunakaa dukani, ofisini au barazani hadi adhuhuri hiyo hiyo. Mafuta yale yatakwenda wapi?

Jambo la pili ni aina ya mafuta. Mafuta ya nazi yana zaidi ya asilimia 80 ya yale mafuta mazito ambayo, yakizidi mwilini, hupandisha kolesteroli mbaya. Samli ina kama 60, mawese kama 50, alizeti kama 10. Shirika la Afya Duniani lashauri mafuta hayo mazito yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 22 hivi. Nusu kikombe cha tui zito kinatosha kuimaliza, na bado hujala mchana.

Mabaya zaidi ni mafuta ya maji yaliyogandishwa kiwandani kwa kuongezwa haidrojeni nusu nusu. Hayo hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha nzuri. Mwaka 2018 shirika hilo liliutaka ulimwengu uyaondoe kwenye vyakula kufikia 2023. Unaponunua mafuta ya kugandana, soma kibandiko cha mkebe.

Tatu ni karai lenyewe, liwe la Kitale au la Mji wa Kale. Mafuta yasiposhika moto vizuri, andazi huyanywa. Tia kidonge cha unga: kikikaa chini, ngoja, kikipanda mara moja, anza kukaanga. Mafuta yaliyokuwa meusi, yanayotoa povu na moshi, yamekwisha kazi. Yamwage, usiyaongezee mapya juu yake.

Na kwa msafiri Muislamu, supu ya mifupa ina swali moja kabla ya chumvi na ndimu: nani amechinja? Uliza kwa adabu, hakuna atakayeudhika. Uislamu si mgeni upande huo. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias, jirani na Bungoma, tangu karne ya 19, na Nabongo Mumia mwenyewe akasilimu.

Kila mtaa wetu una mtu wa presha na mtu wa sukari. Tusiwanyime staftahi yao. Tui zito liwe kijiko cha kumalizia, mahamri yawe mawili, na siku mbili tatu kwa wiki tuige Bungoma: viazi vitamu vya kuchemsha na chai. Dini yetu imetuhalalishia vizuri, ikatukataza israfu.