Taa ya Oili Haioni Vumbi la Marungu

Taa nyekundu yenye alama ya kibirika, ile iliyo kwenye dashibodi ya karibu kila gari, haipimi wingi wa oili. Inapima presha, na hata hiyo presha inaijibia ndiyo au hapana tu. Ukipanda kutoka Moba, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, hadi Pepa juu ya milima ya Marungu, ni vizuri ujue hilo kabla ya kuanza mlima, maana taa hiyo ikishakuwakia njiani huna muda wa kujifunza.

Ubavuni mwa injini kuna swichi ndogo, ukubwa wa kidole gumba, iliyokazwa kwenye njia ya oili. Ndani yake mna utando na springi. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umefunguliwa, springi inakutanisha vyuma viwili, umeme unapita, taa inawaka. Ukipiga stata, pampu inasukuma oili, oili inausukuma utando, vyuma vinaachana, taa inazimika. Hakuna kompyuta hapo. Kwa magari mengi swichi hiyo imewekewa mpaka wa kati ya bari 0.3 na 0.5. Sasa fikiria kwamba tairi la gari dogo hujazwa bari 2 na kidogo, na kwamba injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika kwa kawaida huwa na bari 3 au zaidi ili beringi zake zielee juu ya oili zisisagane na krankshafti. Presha inaweza kuporomoka kutoka 3 hadi 1, injini ikaanza kuumia, na taa ikabaki kimya. Ikiwaka ukiwa mwendoni, zima injini papo hapo, hata kama abiria wanalalamika na kijiji kinachofuata kinaonekana kwa macho.

Waya wa swichi hiyo ukikatika, taa haitawaka tena maisha yote, na dereva ataona mambo ni shwari. Ndiyo maana anayenunua gari lililotumika afungue ufunguo bila kuwasha injini, aangalie: kibirika lazima kiwake. Kisipowaka, balbu imekufa, waya umekatika, au kuna mtu aliyeinyamazisha taa makusudi ili auze.

Kuna pia taa inayopepesa kwenye kona au mlimani halafu inazimika, na dereva akasema "imepona yenyewe." Haijapona. Oili imepungua kwenye karta, yaani bakuli la oili chini ya injini, gari likiinama inakimbilia upande mmoja, mdomo wa pampu unafyonza hewa kwa sekunde kadhaa. Ongeza oili kabla ya kona inayofuata.

Wingi wa oili una kihisi chake, lakini si magari yote yanacho. Aina moja hutumia waya mwembamba uliosimama ndani ya karta: kompyuta inapitisha umeme kidogo, waya unapata moto, kisha inapima ukinzani wake. Sehemu iliyozama kwenye oili hupoa haraka kuliko iliyo hewani, na tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kimo. Kwa baadhi ya magari kipimo hicho hufanyika kabla ya kuwasha, oili ikiwa imetulia, na huwa sahihi gari likiwa mahali tambarare. Ukiegesha kwenye mteremko, kihisi kitakupa jibu la mteremko.

Tuje kwenye kikumbusho cha vidanji, yaani kubadilisha oili, kwa sababu hapo ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Wengi wanadhani gari limeionja oili na kuikuta imechoka. Ni magari machache sana yanayoionja. Mengine huhesabu kilomita tu. Mfano unaofahamika kwa madereva wa Land Cruiser zenye injini ya 1HZ ni taa ya T-BELT: odometa ikifika kilomita 100,000, au 150,000 kulingana na soko gari lilikouzwa, taa inawaka kukumbusha mkanda wa taimingi. Haijauangalia mkanda. Imesoma namba.

Njia ya akili zaidi ilitoka General Motors, ambako Shirley Schwartz na Donald Smolenski walieleza kazi yao mwaka 1987. Badala ya kilomita, kompyuta inahesabu mizunguko ya injini na kuipima pamoja na joto la oili. Mzunguko katika joto la kawaida unakata kidogo uhai wa oili. Injini ikiwa baridi au ikichemka kupita kiasi, mzunguko uleule unakata zaidi. Asilimia za uhai wa oili kwenye dashibodi za Honda nyingi zinatokana na hesabu ya namna hiyo. Kwa hiyo ukibonyeza kitufe cha kurudisha 100% bila kumwaga oili, kompyuta itakuamini kabisa. Fundi mvivu anaweza kukuuzia vidanji ya kidole tu.

Magari machache, hasa ya Ujerumani, yaliwekewa kihisi kinachopima tabia ya umeme ya oili yenyewe. Oili safi ina kipimo cha kama 2 hivi, maji yana karibu 80, hivyo hata maji kidogo au uchafu wa kuungua hubadilisha usomaji. Ni kazi nzuri, lakini kwa gari la Pepa ni kihisi kimoja zaidi cha kuharibika ukiwa mbali na duka la vipuri.

Sasa hesabu ya mlima. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya bahari, na sehemu za Marungu zinapita 2,000. Kupanda huko ni kazi ya gia ya kwanza na ya pili. Kwa giaboksi ya kawaida ya Land Cruiser ya kazi, kilomita moja kwenye gia ya pili inaizungusha injini zaidi ya mara mbili na nusu ya kilomita hiyohiyo kwenye gia ya tano. Odometa haijui hilo. Wala haijui gari lililosimama nusu saa linaunguruma likisubiri lori lililonasa kwenye tope. Anayefuata kilomita 5,000 za kitabu kwenye barabara hii, kwa maoni yangu, anapaswa kuzipunguza hadi karibu nusu.

Vumbi la kiangazi ni jambo zito kuliko yote, na hesabu ya mizunguko haina namna ya kuliona. Mchanga una chembe za quartz, ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita kwenye chujio la hewa lililochanika au kwenye bomba lililolegea klipu, zinaingia kwenye oili na kuzunguka nayo. Vitabu vya baadhi ya magari ya General Motors vilikiri wazi kwamba mfumo hautambui vumbi, vikamtaka dereva wa barabara za vumbi abadilishe kila maili 3,000, yaani kilomita 4,800 hivi, hata taa isipowaka. Pitisha kidole ndani ya bomba la hewa baada ya chujio. Kidole kikitoka na vumbi, oili imeshachafuka, taa iseme isiseme.

Rangi isikutishe: oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, na kuyabeba ndiyo kazi yake. Bali ukifungua kifuniko asubuhi za baridi za Juni na kukuta utando mweupe kama mtindi, kuna maji. Mara nyingi ni mvuke wa safari fupi ambazo haziipi injini nafasi ya kupata moto. Utando ukirudi hata baada ya safari ndefu, au maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi.

Hata hivyo, watu wengi huku hawaendi kwa gari. Wanapanda pikipiki, na nyingi kati ya zile za Kichina zina injini ya muundo wa Honda CG125 ya mwaka 1976: oili kama lita moja, hakuna taa ya presha, hakuna filta ya karatasi. Oili hiyohiyo inalainisha injini, giaboksi na klachi, kwa hiyo inachoka upesi. Kipimo ni kijiti kilicho kwenye kifuniko cha oili. Simamisha pikipiki wima, si kwa stendi ya pembeni. Futa kijiti, kiingize bila kukikaza, kisha soma. Ukikikaza kinazama zaidi, na utaona oili ambayo haipo.