Mali iliyododa nyumbani: hesabu ya kupanga nyumba kwa msaada wa kibarua

WAFANYABIASHARA wengi wadogo wa jijini Dar es Salaam huhesabu mali ya dukani kila mwisho wa mwezi, lakini ni wachache wanaohesabu mali iliyoko nyumbani. Safu hii, ambayo kwa kawaida huzungumzia bei za mchele, sukari na vitenge, wiki hii inaingia uvunguni mwa kitanda. Sababu ni ya kibiashara kabisa. Mali inapododa dukani, mwenye duka huihamishia nyumbani ili isimkere macho. Ikishafika huko hutoka katika daftari, kisha hutoka katika kumbukumbu, na mwishowe hugeuka kuwa fenicha.

Mfano nitakaoutumia ni wa nyumba ya mama yangu mkubwa iliyoko Tabata. Ameuza madera, vitenge na vyombo vya ndani kwa zaidi ya miaka ishirini, na ameniruhusu kuandika hesabu zake mradi jina lisitajwe. Hadi Julai 2025 mlango wa chumba chake cha uani ulikuwa unafunguka nusu tu. Wakati huohuo alikuwa anakodi stoo mtaa wa pili kwa Sh. 60,000 kwa mwezi, "kwa kuwa nyumbani hakuna nafasi". Kwa mwaka hiyo ni Sh. 720,000. Nilipomuuliza ndani ya chumba cha uani kuna nini, alijibu: "Vitu, mwanangu." Neno hilo silikumbuki katika kitabu chochote cha uhasibu nilichosomeshwa.

Kazi ya namna hiyo mtu mmoja haiwezi, hasa mtu ambaye kutwa nzima yuko dukani. Tukatafuta mwanamke wa kufanya usafi kwa kutwa. Alipatikana kwa jirani anayemfulia, na hiyo ndiyo njia iliyo bora: mtu anayefahamika anakotoka, ambaye kuna anayeweza kumtolea ushuhuda. Makubaliano yalifanyika kabla hajashika fagio. Siku tatu, Sh. 20,000 kwa siku, nauli na chakula cha mchana juu ya mwenye nyumba, kazi kuanza saa mbili asubuhi na kwisha saa kumi jioni. Mama mkubwa aliona kiasi hicho ni kikubwa, akasema wapo wanaokubali elfu nane.

Hapa inafaa tueleze kidogo. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri kima cha chini cha Sh. 120,000 kwa mwezi, na anayelala humo Sh. 60,000, kwa walioajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa kiwango kilikuwa Sh. 250,000. Viwango hivi hurekebishwa kila baada ya muda, kwa hiyo anayetaka kuajiri mtu wa mwezi aulize kwanza ofisi ya kazi iliyo karibu. Ukichukua ile 120,000 ukaigawa kwa siku 26, unapata kama Sh. 4,600 kwa siku. Hicho kilikuwa kima cha chini cha kufua na kuosha vyombo kwa amri ile ya 2023. Kuhamisha makabati, kubeba maboksi yenye panya na kusugua chumba ambacho hakijafunguliwa miaka kadhaa ni kazi nyingine, na anayeilipia elfu nane atapata kazi ya elfu nane. Mimi nilisimamia ile elfu ishirini na sijutii.

Kosa linalofanywa na wengi ni kumkabidhi mfanya usafi funguo na kumwambia "nipangie nyumba". Yeye anajua kusafisha. Hajui kwamba karatasi ile iliyokunjwa ni risiti ya kiwanja, wala kwamba boksi lile la vikombe vyenye mikono iliyovunjika ni la kurudishwa kwa aliyekuuzia. Akiachiwa uamuzi, atafanya moja kati ya mawili: atatupa cha maana, au ataogopa kutupa chochote na kukupangia takataka vizuri kwa mistari. Mikono iwe yake, uamuzi uwe wako. Mama mkubwa alilazimika kufunga duka siku ya kwanza nzima, na hiyo nayo ni gharama, lakini siku ya pili na ya tatu alihitajika saa moja tu jioni.

Tulifanya hivi. Kila kitu kilitolewa uani, juu ya turubai, kabla ya kusafisha chochote. Ukisafisha vitu vikiwa ndani unahamisha vumbi tu kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Tukaweka mafungu: ya kubaki, ya kuuza, ya kugawa, ya kutupa. Pembeni tukaweka beseni kubwa jekundu la karatasi. Agizo kwa dada wa usafi lilikuwa moja: karatasi yoyote, hata kama ni kipande cha gazeti, iende kwenye beseni, isitupwe, na kila mfuko, pochi au sanduku lifunguliwe mbele ya mwenyewe. Agizo hilo humkinga mwenye mali, lakini humkinga zaidi mfanyakazi, kwani hakuna atakayekuja kesho kumuuliza bahasha iko wapi. Ndilo lililotuletea mambo nitakayoyaeleza mbele.

Katika fungu la kutupa ilikuwamo mifuko ya rambo isiyo na idadi, iliyofichwa ndani ya rambo nyingine. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na mama mkubwa alikuwa ameitunza "ya akiba". Kulikuwa pia na chupa tatu za soda zenye mafuta ya taa, bila alama yoyote. Hizo ziondoe siku hiyohiyo, hasa penye watoto. Na tahadhari nyingine kwa anayefanya kazi: usimruhusu kuchanganya Jik na dawa ya chooni yenye tindikali ili "iwe kali zaidi". Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na katika chooni kisicho na dirisha gesi hiyo humdhuru mtu. Vumbi lenye kinyesi cha panya linyunyiziwe maji kwanza, ndipo lifagiliwe.

Fungu la kuuza ndilo lililoleta ubishi. Yalipatikana madera 23 ya mtindo uliopita, yaliyonunuliwa Sh. 9,000 kila moja, jumla Sh. 207,000. Sokoni hayakupata zaidi ya Sh. 6,000. Mama mkubwa akagoma: "Nikiuza hivyo nitapata hasara." Wafanyabiashara wengi wanasema hivyo, lakini hasara yenyewe ilishaingia siku mtindo ulipobadilika. Bei aliyonunulia haipo tena. Iliyopo ni bei ya leo, na ya mwakani itakuwa ndogo zaidi, kwa kuwa nguo iliyokunjwa hufifia kwenye mikunjo. Tuliuza yote kwa Sh. 138,000. Kwa fedha hiyo alinunua madera 15 ya mtindo unaotoka kwa Sh. 135,000. Akipata faida ya Sh. 2,000 kwa kila moja, mzunguko mmoja unampa Sh. 30,000. Dera zuri kwake huisha kwa miezi miwili. Kwa hiyo mizunguko mitatu, yaani nusu mwaka, humpa Sh. 90,000, na ile hasara ya Sh. 69,000 inakuwa imezibwa na chenji imebaki. Kama yangebaki chumbani, yangeendelea kuwa "mali" kwa maneno tu.

Friji lililokufa lilichukuliwa na fundi kwa Sh. 70,000, maana yeye anahitaji mwili na milango. Feni, pasi, stovu na vipande vya mabati vilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, Sh. 26,000 kwa vyote. Mnunuzi wa vyuma chakavu apimie mbele yako, na mizani yake uijaribu kwanza kwa kitu ambacho uzito wake unaujua. Sisi tulitumia mfuko wa sukari wa kilo tano. Vyombo vya ndani ambavyo havikuwa na mnunuzi viligawiwa, na dada wa usafi alichagua wa kwanza.

Sasa turudi kwenye beseni. Jioni ya siku ya pili lilikuwa limejaa hadi juu. Sheria ya kodi inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano, na wengi huhesabu kwamba kuzitunza ni kuzitia ndani ya mfuko. Risiti za mashine za EFD huchapwa kwa joto, si kwa wino, na katika chumba chenye bati la moto hufutika zenyewe. Tulikuta risiti za manunuzi za miaka miwili nyuma ambazo zilikuwa karatasi nyeupe tupu. Dawa yake ni kuzitoa kopi au kuzipiga picha mwezi uleule, na kuziweka kwa mwaka, si kwa duka. Zilizopita muda wake tulizichoma, na hapo beseni likapungua nusu.

Kwa wawekezaji wadogo, beseni kama hili lina jambo jingine. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa Aprili 1998, hisa za kwanza zikiwa za TOL, na Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005. Watu walionunua kidogo kidogo miaka ile ni wengi, na baadhi yao wamehama nyumba, wamebadili sanduku la posta na kufunga akaunti ya benki iliyoandikwa kwenye fomu. Gawio haliwezi kumfuata mtu asiyejulikana aliko. Ukipata karatasi ya namna hiyo usiidharau kwa kuwa imeliwa na mende. Ipeleke kwa dalali wa hisa, au kwa wasimamizi wa mfuko, pamoja na kitambulisho, uulize jina lako lina nini. Mama mkubwa hakuwa na hisa. Alikuwa na mkataba wa mauziano wa kiwanja cha Chanika ambao alikuwa ameshauandikia polisi kwamba umepotea.

Siku ya tatu asubuhi dada wa usafi alitoa sanduku la zamani la ngozi kutoka nyuma ya kabati. Alikuwa analifuta kwa kitambaa akahisi kitu kigumu ndani ya bitana. Akaliacha palepale, akaita: "Mama, njoo uone mwenyewe." Mama mkubwa alichana bitana kwa wembe. Ndani kulikuwa na noti 34 za Sh. 10,000, zimefungwa kwa utepe wa dera. Sh. 340,000.

Zilikuwa noti za toleo la mwaka 2003. Benki Kuu ilikuwa imetangaza kuondoa katika mzunguko noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya Sh. 500 ya mwaka 2010, na kipindi cha kuzibadilisha kilikuwa Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Tulizipata mwezi Julai. Tungesafisha chumba kile miezi mitatu na nusu kabla, zingekuwa fedha.

Lakini mama mkubwa hakulia kwa ajili ya tarehe. Alikaa juu ya ndoo akanieleza kwamba fedha hizo alizitafuta mwaka 2009. Alikuwa amezishona mwenyewe kwenye bitana kabla ya safari ya msiba, akarudi akidhani amezificha chini ya godoro. Chini ya godoro hazikuwapo. Wakati huo alikuwa na msichana wa kazi kutoka Singida. Alimfukuza jioni ileile, na mshahara wa mwezi ule hakumpa, Sh. 25,000, akisema zimekatwa katika zile zilizoibwa. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kukisia hivyo, ila nani alikuwa akiisoma Tabata.

Hesabu ya siku tatu imesimama hivi. Kibarua Sh. 60,000, nauli na chakula Sh. 15,000, sabuni, glavu na vitambaa Sh. 12,000, guta mara mbili Sh. 20,000. Jumla ya matumizi Sh. 107,000. Mapato ya mauzo ni Sh. 234,000, na baki Sh. 127,000. Stoo ya mtaa wa pili ilirudishwa kwa mwenyewe mwezi Agosti, na vitenge sasa vimepangwa chumba cha uani, juu ya mbao zilizoinuliwa kwa matofali kwa ajili ya mchwa, kila boksi limeandikwa nje kilichomo na tarehe ya kuingia. Dada wa usafi huja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Sh. 20,000 zilezile, na boksi lililokaa miezi sita bila kuguswa hutolewa uani.

Noti zile 34 nimeziandika hasara. Chini yake, upande wa madeni, mama mkubwa amenitaka niongeze mstari mmoja: mshahara wa mwezi mmoja wa mwaka 2009, Sh. 25,000, haujalipwa. Nilimwambia kwa thamani ya leo kiasi hicho hakitoshi, akasema andika kwanza, kiasi tutakijua tukimpata. Jirani mmoja ana ndugu Singida mjini ambaye ameahidi kuulizia.