Umeumia Mkono Kazini? Zihesabu Siku Zako

  Leo tutazungumza juu ya mkono na kifundo chake vinapoumia kazini. Tutaeleza dalili za hatari, jinsi fidia inavyotafutwa, na jambo ambalo wengi hawalijui: ukipewa fidia usiyoridhika nayo, sheria inakuruhusu kuipinga.

Mama, hebu fikiria mkono wako unafanya kazi ngapi kwa siku. Unasonga ugali, unakamua nguo, unambeba mtoto, unamlisha mgonjwa. Kila asubuhi akina mama hutoka Nyalenda kupanda Milimani kufua na kusafisha nyumba za watu. Wengine hukata minofu ya mbuta viwandani, na wengine hufanya kazi katika viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil. Kazi hizi zote ni za mikono. Mkono ukiharibika, nyumba nzima inapungukiwa.

Ni majeraha gani tusiyapuuze?

La kwanza ni kukatwa na kisu au bati. Kidonda kinaweza kuwa kidogo kwa nje, lakini ndani kano imekatika. Kano ndiyo kamba inayovuta kidole. Ukishindwa kukunja au kunyoosha kidole baada ya kukatwa, usingoje kidonda kipone. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni kuanguka ukajizuia kwa kiganja. Kuna mfupa mdogo kwenye kifundo, upande wa kidole gumba, ambao ukivunjika unaweza usionekane katika picha ya kwanza ya eksirei. Maumivu yakiendelea, rudi baada ya wiki moja au mbili ukaangaliwe tena. Usiseme, "Niliambiwa sijavunjika."

La tatu ni ganzi. Mshipa wa fahamu hubanwa kwenye kifundo, na kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku. Kazi ya kurudia mwendo ule ule kwa nguvu inaweza kuleta hali hii. Ujauzito na kisukari pia vinaweza kuileta. Kuna pia maumivu ya kano upande wa kidole gumba, ambayo huwapata sana akina mama wanaonyanyua watoto wachanga.

Hapa ndipo shida ya fidia inapoanzia. Mwajiri au kampuni ya bima anaweza kusema, "Huyu aliumizwa na kazi za nyumbani kwake." Kwa hiyo siku ya kwanza unapomwona daktari, mweleze unafanya kazi gani, kwa saa ngapi, na maumivu yalianza lini. Mwombe ayaandike. Maneno yasiyoandikwa hayatakusaidia baadaye.

Sasa tuje kwenye sheria. Hapa Kenya tuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA. Ilianza kutumika Juni 2008. Inamhusu mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira. Hata kama hukupewa barua, mkataba wa kazi unaweza kuwa wa maneno. Wanajeshi hawamo katika sheria hii, kwani wao wana utaratibu wao. Anayejifanyia kazi yake mwenyewe, kama fundi wa jua kali asiye na mwajiri, pia hamo.

Fuata hatua hizi.

Kwanza, mwambie mwajiri mara moja. Ni vyema umwandikie, hata ujumbe wa simu, ili ubaki na ushahidi. Mwajiri akishapata habari ana siku 7 za kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Gharama zinazofaa za matibabu na usafiri wa kwenda kutibiwa ni jukumu la mwajiri.

Pili, hakikisha fomu ya ajali imejazwa. Mwajiri hujaza sehemu yake na daktari hujaza yake. Daktari ndiye anayeandika ulemavu uliobaki ni asilimia ngapi. Madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali. Mwajiri akikataa kujaza, usikae nyumbani ukimngoja. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya usalama na afya kazini ukaeleze.

Tatu, elewa hesabu. Fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, kisha huchukuliwa ile asilimia ya ulemavu. Tuseme mama analipwa shilingi 12,000 kwa mwezi, na ulemavu wake umeandikwa asilimia 10. Miezi 96 ni shilingi 1,152,000. Asilimia 10 yake ni shilingi 115,200. Kama ingeandikwa asilimia 20, angepata shilingi 230,400. Umeona? Namba moja iliyoandikwa na daktari inabeba karo ya watoto.

Kwa hiyo unapopimwa, usiseme tu, "Mkono unauma." Sema kile mkono umeshindwa kufanya. Je, unaweza kukamua shuka? Kushika kisu? Kufunga kifungo cha shati la mtoto? Kuinua ndoo ya maji? Sema pia ni mkono gani unaoutumia zaidi. Sheria inampa Mkurugenzi nafasi ya kuongeza asilimia iwapo jeraha limemwathiri mtu kupita kiasi kwa sababu ya aina ya kazi yake. Anayekata minofu ya samaki akipoteza nguvu za kushika kisu, amepoteza kazi yenyewe.

Na je, uamuzi ukitoka na huridhiki? Sikiliza kwa makini, na ukiweza, andika.

Una siku 60 tangu uamuzi wa kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi, akitoa sababu. Ukiwa bado huridhiki, una siku 30 tangu upate jibu lake kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo iko hapa Kisumu pia. Narudia: siku 60, siku 14, siku 30.

Pingamizi lenye nguvu huleta jambo jipya. Kulia ofisini hakutoshi. Leta ripoti ya daktari bingwa wa mifupa, kwa mfano kutoka Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia. Leta picha za eksirei, kadi ya mazoezi ya viungo, na ushahidi wa mshahara wako, hata kama ni jumbe za M-Pesa. Kama mshahara ulihesabiwa kwa kiwango cha chini kuliko ulicholipwa, hiyo pia ni sababu ya kupinga.

Huenda mtu akakuambia uanze moja kwa moja mahakamani. Hapo zamani wengi walifanya hivyo, kwa sababu sheria hii ilikuwa na kesi. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi huo. Madai huanzia kwa Mkurugenzi, na mahakama huja baadaye kwa njia ya rufaa. Jihadhari pia na wale wanaokuletea pesa kidogo na karatasi ya kutia sahihi ukiwa bado na plasta mkononi. Usitie kidole mahali usipopasoma au usiposomewa.

Na wewe unayemtunza ndugu aliyeumia, kazi yako ni kubwa. Mgonjwa mwenye maumivu husahau tarehe. Tafuta bahasha moja, weka ndani yake kila karatasi, na juu yake andika siku ya ajali, siku ya uamuzi, na siku ya mwisho ya kupinga. Mkumbushe pia kufanya mazoezi ya vidole aliyofundishwa hospitalini. Kidole kisichofanyishwa mazoezi hukakamaa, na fidia haikilegezi.

Je, kuna jirani yako aliyeumia mkono kazini na amekaa kimya? Mtembelee leo, umwulize ni siku ngapi zimebaki.