Ukurasa wa pili wa duka lako, Google anaujua?

Hii ni kwa wenye tovuti yenye bidhaa nyingi mpaka zinagawanywa: ukurasa wa 1, wa 2, wa 3. Mimi niko Tabora, nauza asali ya msituni na nta. Huku mtandaoni asiyeonekana hauzi.

Ndani ya kila ukurasa kunaweza kuwa na kamstari ambako mteja hakaoni ila Google anakaona. Kanaitwa tagi ya kanoniko. Kazi yake ni kusema: "Anwani rasmi ya ukurasa huu ni hii." Google, Yahoo na Microsoft waliitangaza pamoja mwaka 2009.

Watu wa Tabora mtaelewa haraka. Burton na Speke walipofika huku mwaka 1857, waliandika jina Kazeh. Leo tunasema Tabora. Mahali pamoja, majina mawili: hapo unachagua jina moja rasmi. Ndiyo kazi ya kanoniko. Mteja akipanga orodha ya asali kwa bei, anwani inabadilika lakini mzigo ni uleule. Tagi iielekeze kwenye anwani ya kawaida.

Ila Bagamoyo, Tabora na Ujiji ni vituo vitatu vya njia moja ya misafara, kila kimoja na soko lake. Ukimwambia mgeni "vyote hivyo ni Bagamoyo", ataishia pwani. Ukurasa wa 2 na wa 3 ndo vituo hivyo. Bidhaa zake ni nyingine.

Kuna dada hapa mjini anauza vitenge. Fundi wake alizielekeza kurasa zote sita kwenye ukurasa wa 1. Google akachukulia hizo nyingine ni nakala tu, vitenge vya huko nyuma vikawa havitokei. Mteja anatafuta, mzigo upo, hela inaenda kwa mwingine. Tulibadilisha kila ukurasa ujitaje wenyewe, na baada ya wiki kadhaa vikaanza kuonekana.

Na wewe kagua hivi:

1. Fungua ukurasa wa 2 kwa Chrome, andika view-source: mbele ya anwani, kisha tafuta neno canonical.

2. Anwani iliyopo pale iwe ya ukurasa wa 2 wenyewe, nzima, kuanzia https://. Ikiwa ni ya ukurasa wa 1, mwambie fundi abadilishe.

3. Namba ya ukurasa isikae baada ya alama ya #, Google huipuuza. ?page=2 iko sawa.

4. Ukurasa wa 1 uwe na linki ya kawaida kwenda wa 2. Kitufe cha "onyesha zaidi" peke yake hakitoshi, kwa kawaida Google habonyezi vitufe.

5. Ingia Search Console, ni bure. Weka anwani, utaona uliyoitaja wewe na aliyoichagua Google. Zikitofautiana usishangae, kanoniko ni ombi, si amri. Angalia kama kurasa zako zimefanana mno.

Na fundi akitaka hela ya kuweka alama za rel="next" na rel="prev" ili upande Google, mwambie Google alishasema tangu 2019 kwamba hazitumii tena. Hiyo hela ongezea mzigo.